Feni Iliyopuliza Nje

Mwantum alitoka eda siku ya Jumapili. Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, akaingia kwenye gereji yetu pale Ipagala amevaa ovaroli ya marehemu mumewe, Rahimu, miguu ameikunja mara tatu, kanga ameifunga kilemba. Akatusalimu, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya Rahimu, akafungua sanduku la spana na kuanza kuzifuta moja moja. Hakuna aliyemwitikia ipasavyo. Mimi nilijifanya nina kazi chini ya gari, na chini ya gari lile hapakuwa na kazi yoyote.

Nayasema haya mapema ili mjue nilikuwa upande gani. Mimi Hashimu natoka Kondoa kama yeye. Rahimu alikuwa rafiki yangu, na mkewe nilimwita shemeji. Ningepaswa kuwa wa kwanza kumkaribisha. Badala yake nikawa wa kwanza kwenda kumwambia Mzee Jamaldini, mwenye kiwanja na banda, kwamba jambo lile litatuletea aibu.

Rahimu aliugua mgongo miaka miwili kabla ya kufa. Alikuwa akilala kwenye mkeka nyuma ya banda, anaelekeza kwa mdomo, na Mwantum anafungua na kufunga nati kwa mikono yake. Sisi tulisema huyo mwanamke anamuuguza mumewe vizuri. Kwamba mikono ile ilikuwa inasoma, hatukutaka kuliona.

Mzee Jamaldini alikuja saa nne pamoja na Makame, mdogo wake Rahimu, dereva wa teksi ambaye spana aliijua kwa jina tu. Makame alisema sanduku la marehemu ni mali ya ukoo, na kona ile atapewa mtu mwingine. Mzee hakupenda ugomvi. Akaanza kwa upole.

"Binti yangu, ungepumzika kwanza. Ndiyo kwanza umetoka eda."

"Shikamoo, Mzee," akasema Mwantum, spana bado mkononi. "Nimetoka eda, sijatoka jela. Nimepumzika miezi minne na siku kumi. Inatosha."

Mzee akakohoa. Nadhani angemwondoa siku ile ile, maana sote tulikuwa tunamtazama yeye amalize. Lakini Bi Zuleha akaingia na gari lake, mvuke unatoka kwenye boneti hadi kuku wa jirani wakakimbia.

Bi Zuleha alikuwa binamu yake Mzee, mama wa makamo, mfanyabiashara wa kanga na vitenge. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mipaka imefunguliwa, na magari madogo ya Kijapani yalikuwa yanaingia Dodoma kwa wingi. Bi Zuleha alinunua lake na kuliendesha mwenyewe, miwani puani, kila Jumamosi kwenda mnadani Kibakwe. Kwenda hakukuwa shida. Shida ilikuwa ule mlima kabla ya kufika. Kila akiufikia, gari linachemsha. Mafundi wanne tulikuwa tumeshalishika gari lile, na kila mmoja alilirudisha akiapa limepona.

"Safari hii limechemsha hata kabla sijatoka mjini," Bi Zuleha akasema. "Jamaldini, hawa ni mafundi au ni walaji wa mihogo?"

Hapo ndipo Mwantum alipofunga sanduku na kusimama.

"Nipe mimi, Bi Zuleha."

Makame akacheka. Mzee hakucheka, aliona upenyo wa kumaliza shauri bila kuonekana mbaya. Akasema mbele yetu sote: Mwantum alitengeneze. Jumamosi likifika Kibakwe na kurudi bila kuchemsha, sanduku ni lake na kona ni yake. Likichemsha hata mara moja, Makame atalibeba sanduku jioni ile ile. Nami Hashimu nitapanda kama shahidi.

"Sawa," akasema Mwantum. "Lakini kazi yangu asiiguse mtu."

Alianza na pampu ya maji, ile inayoyasukuma maji yazunguke kati ya injini na rejeta. Akaifungua, akaja nayo hadi tulipokaa. Mapezi yake yalikuwa yameliwa na maji ya chumvi ya visima vyetu hadi yamebaki kama meno ya bibi kizee. "Inazunguka, lakini haisukumi kitu," akasema, akarudi zake. Akapata nyingine nzima kutoka gari lililopinduka Nzuguni. Rejeta akaisafisha na kuijaza maji ya mvua aliyoyakinga nyumbani kwake, nasi tukamcheka kwamba watu wanakosa maji ya kunywa, yeye ananywesha gari maji ya mbinguni.

Jumanne akafika kwenye feni.

Lazima nieleze kosa letu, maana lilikuwa la Dodoma nzima. Sisi tulikulia kwenye malori na Landrova, ambayo feni zake huvutwa na mkanda. Injini ikiwaka, feni inazunguka. Yakaja haya madogo yenye feni ya umeme, yenye swichi inayosubiri maji yapate moto ndipo iiwashe. Sisi tukifungua boneti, injini inanguruma na feni imetulia, tunasema feni mbovu. Dawa yetu ilikuwa moja: tunakata waya, tunaiunga moja kwa moja, inazunguka kutwa. Mteja anaiona, anaridhika. Kuuliza si ujinga, lakini hatukuwa na wa kumuuliza, na tungekuwa naye tusingemuuliza.

Mwantum aliwasha injini, akashika pindo la kanga yake mbele ya rejeta. Feni ikiwa sawa huvuta hewa ndani, pindo hunata kwenye rejeta. Pindo likapeperuka kumfuata usoni. Feni ilikuwa inapuliza nje. Gari likienda, upepo wa barabarani unataka kuingia na feni inaufukuza.

Akainama kutazama maungio ya waya. Yalikuwa yamezungushiwa utepe wa kijani, na mjini mwote mwenye utepe wa kijani nilikuwa mimi peke yangu. Niliziunga nyaya zile kinyume, feni ikazunguka, nikapangusa mikono. Mwantum alinitazama kidogo. Nikasubiri awaite wenzangu. Nilikuwa tayari nimeshatunga uongo wa kujibu.

"Hashimu, nishikie hiki kibati," akasema. Basi. Akageuza nyaya, akarudisha swichi ya joto, baada ya kuichemsha kwenye sufuria na kuiunganisha na balbu ndogo hadi balbu ilipowaka.

Mngedhani nilishukuru. Nilimchukia zaidi. Likichemsha, nilijiambia, hakuna atakayejua habari ya utepe wa kijani. Jumamosi Mwantum aliketi mbele kando ya Bi Zuleha, nami nikapanda kiti cha nyuma, nimebanwa na marobota ya vitenge, na mfukoni nina kipande cha waya.

Hadi Mpwapwa mshale wa joto haukusogea. Tukaanza mlima, mshale ukapanda kidogo ukatulia. Tulipofika kwenye kona kali kabisa, ng'ombe wakaziba njia, kundi zima, na mchungaji asiye na haraka na mtu. Bi Zuleha akasimamisha gari. Injini ya moto, upepo hakuna, jua la saa saba. Mshale ukaanza kupanda.

Nikatega sikio. Feni kimya.

"Shemeji, feni haizunguki. Zima gari nishuke niiunge."

"Kaa."

"Itaua injini ya watu!"

"Nimesema kaa, Hashimu. Bi Zuleha, usizime."

Bi Zuleha alikuwa ameshika ufunguo. Mshale ukavuka nusu. Niliiona shingo ya Mwantum, mshipa unapiga. Aliogopa, sitamsingizia ushujaa wa kwenye hadithi. Sanduku la mumewe lilikuwa kwenye mshale ule na alilijua hilo kuliko sisi. Lakini mkono wake aliuweka juu ya mkono wa Bi Zuleha, ule wenye ufunguo, akauacha pale.

Halafu mbele yetu kitu kikanguruma. Majani makavu yaliyokuwa yakirushwa na kwato za ng'ombe yakavutwa, yakanata mbele ya gari. Mshale ukasimama, ukatetemeka, ukaanza kushuka. Baada ya muda feni ikanyamaza yenyewe. Mchungaji akampiga ng'ombe wa mwisho, tukapita. Nilifungua dirisha nikautupa waya.

Tuliuza vitenge, tukarudi. Halikuchemsha.

Jioni banda lilijaa. Mzee Jamaldini akaniuliza shahidi nimeona nini. Nikasema limekwenda, limerudi, halikuchemsha. Makame akarukia: "Amebahatisha. Pampu mpya, hata mimi ningeifunga. Hashimu, kweli si kweli?"

Njia ilikuwa wazi. Ningesema kweli, ni pampu, nikaenda zangu kulala. Mwantum alikuwa kwenye kona yake, ametugeuzia mgongo, wala hakugeuka kunisihi. Hicho ndicho kilichonimaliza. Angenisihi hata kwa jicho, pengine ningemnyima.

"Si pampu peke yake," nikasema. "Feni ilikuwa inazunguka kinyume. Aliyeifunga hivyo ni mimi. Yeye aliliona hilo tangu Jumanne na hakunitangaza."

Walicheka hadi Mzee akapangusa macho. Niliwaacha wacheke. Kisha Mzee akasema sanduku ni la Mwantum na kona ni ya Mwantum, ila kwa heshima ya ukoo jina la fundi liwe la Makame, wateja wasishtuke.

Mwantum akageuka.

"Hapana, Mzee. Jina ni Mwantum. Mteja atakayeshtuka aende na gari lake likichemka." Kisha akatutazama sote. "Na yeyote ambaye Hashimu alimfungia feni, alete gari lake Jumatatu asubuhi."

Hakungoja jibu la Mzee, akarudi kwenye sanduku lake.

Jumatatu nilifika mapema, nikakuta magari yamejipanga hadi barabarani. Niliyajua yote. Nilikuwa nimepuliza nje nusu ya mji. La mwisho kwenye mstari lilikuwa teksi, na Makame amesimama kando yake anatazama viatu vyake. Mwantum aliyafanya yote kwa zamu, hakumruka mtu wala kumpendelea. Saa tisa alasiri akafika kwenye teksi, akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Fungua boneti, shemeji," akamwambia.

Makame akafungua.