Safari ya Kwenda Kula Mbali

Kiangazi kwetu Karagwe si msimu wa kutembea. Ni msimu wa kahawa. Buni zinaiva, zinachumwa, zinaanikwa, na kila anayejiheshimu hakai mbali na jamvi lake, maana wingu moja tu likikukuta umezubaa, kazi ya mwaka imekwenda na maji. Ndiyo maana mwaka jana nilipotangaza kwamba mwezi wa saba nampeleka mama Dar es Salaam kutembea na kula, mdogo wangu aliniuliza kama nina homa.

Sikuwa na homa. Nilikuwa na shukrani, na shukrani ikikaa sana moyoni bila kufanyiwa kazi inageuka kero. Mama ndiye aliyenisomesha ushonaji kwa kahawa ya kibanja chetu, shamba la nyumbani, na cherehani yangu ya kwanza aliileta yeye, imefungwa kwenye baiskeli, akiisukuma kwa miguu kutoka barabara kuu. Leo nina duka langu Kayanga, karibu na soko, na mafundi wawili wanaonivumilia. Yeye bado yuko Ihanda, katikati ya migomba na mibuni aliyoachiwa na marehemu baba. Mji mkubwa aliowahi kufika ni Bukoba, na huko alikwenda kumwuguza dada yake. Mtu aliyekwenda mjini kuuguza hajauona mji.

Mimi ni mtu wa kupanga. Mama husema nikipanga jambo, Mungu namwachia nafasi ya kusimama tu. Basi nikapanga. Mdogo wangu na mkewe wangebaki na kahawa, wapende wasipende. Sisi tungechukua basi kutoka Kayanga hadi Dodoma, tulale, kisha tupande treni ya umeme ili mama aione nchi ikikimbia dirishani. Tungezunguka Kariakoo, tungeingia Makumbusho, tungevuka Kigamboni na kurudi bila sababu yoyote. Lakini jambo kubwa lilikuwa chakula. Nilitaka mwanamke aliyepika maisha yake yote akae mezani apikiwe, tena aulizwe anapenda nini.

Kila Jumapili baada ya ibada nilikwenda Ihanda, nikaketi naye jikoni na simu yangu, nikimwonyesha picha za vyakula. Nilianza na pweza. Mama aliiangalia picha, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu anatembea wapi na miguu yote hii?"

"Baharini, mama. Watu wanampenda sana."

"Basi wamwache na miguu yake."

Nikamwonyesha mihogo ya kukaanga ya ufukweni, yenye pilipili na ndimu. Hapo niliharibu kabisa. Kwetu mwenye migomba hula muhogo mwaka wa njaa, na akiula anafunga mlango. "Nikae kwenye basi mpaka miguu ivimbe, niende kula muhogo?" aliuliza. "Na watu wakiniuliza nimekula nini, niwajibu nini?" Biriani ilimtisha kwa rangi yake. Chipsi alisema ni viazi vilivyokatwa na mtu mwenye haraka.

Jumapili ya tatu uvumilivu ulinishinda. Mimi si mpole, na safari hii nilikuwa naipanga kwa mapenzi, kwa hiyo hasira ilikuja na mapenzi yake yote.

"Basi sema wewe, mama! Sema unataka kula nini!"

Alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama. Aliangalia mlangoni, akahakikisha hakuna mtu, kisha akasema kwa Kinyambo, kwa sauti ya mtu anayeungama kanisani:

"Kuku."

Nilicheka. Kuku walikuwa wamejaa uani, mmoja alikuwa anadonoa maganda miguuni pake. Halafu nikaona yeye hacheki.

Niseme jinsi mambo yalivyokuwa. Katika rika la mama, mwanamke aliyeolewa hakula kuku wala yai. Alimfuga, alimchinjisha, alimnyonyoa, alimpika mpaka mtaa mzima ukanusa, kisha akawapakulia wengine. Wengi waliuacha mwiko huo zamani. Wachungaji waliusema madhabahuni, manesi waliusema kliniki, na wanawake wakaanza kula, kwanza supu, kisha na nyama. Mama hakuacha. Alipoletwa kama bi harusi, bibi mzaa baba alimkalisha akamweleza mwiko wa nyumba ile, mbele ya shangazi, dada mkubwa wa baba, na mama akakubali kwa mdomo wake. Kwa mama, ukishakubali kwa mdomo umekubali. Bibi akafa, baba akafa, lakini shangazi yuko hai kule Igurwa, na siku za sikukuu alikuwa na tabia ya kutokea kwetu bila hodi, macho moja kwa moja kwenye sufuria.

Sisi watoto tulikula, wasichana kwa wavulana, kwa sababu baba alisema mtoto wa shule hana mwiko. Mama alitugawia paja, bawa, mgongo, kisha akakaa na sahani yake ya ndizi na maharage. Nilikua nikijua kwamba mama hapendi kuku. Hata wageni tuliwaambia hivyo, naye hakutusahihisha hata siku moja.

"Dar nani ananijua?" aliniambia. "Nitakula, nitanawa mikono, nitarudi."

Machozi yalinitoka, na moshi wa jikoni ukanisaidia kuyaeleza. Nilijiona tajiri. Nilikuwa nimemtafutia mama zawadi kwa Jumapili tatu kwenye simu, kumbe aliyonayo rohoni naweza kuimudu kabisa, na bado yuko hai niweze kumpa.

Mpango wote nikaufumua kama gauni lililokosewa kipimo. Pweza akatoka, biriani ikatoka. Mteja wangu mmoja aliyewahi kuishi Dar akaniambia mitaa wanakochoma kuku vizuri, juu ya mkaa, mpaka ngozi inapasuka. Na mama, aliyekuwa akiniitikia kwa kunihurumia, sasa ndiye aliyekuwa akinipigia simu dukani. Je, wanamchoma au wanamchemsha? Analiwa kwa mkono? Mifupa unaiweka wapi? Hakuna mtu wa Karagwe huko? Nikamwambia watu wa Karagwe wako kila mahali, hata mbinguni wameshafika, lakini sisi tutakaa tumeelekea ukutani. Tulicheka sana siku zile. Sikumbuki kipindi kingine tulichocheka hivyo, yeye na mimi, kama wasichana waliotoroka shule.

Likabaki jambo la kuaga. Kwetu mtu hasafiri mbali bila kuwaaga wakubwa, na mkubwa aliyebaki kwa mama ni mmoja. Nilimwomba tuondoke kimya kimya, tumletee shangazi kanga tukirudi. Mama akakataa. "Nikipatwa na jambo njiani, atasema wifi yake alitoroka?" Kwa hiyo tukachukua bodaboda mbili mpaka Igurwa.

Shangazi alitupokea vizuri. Nikampigia magoti, "Shikamoo shangazi," akaitikia "Marahaba" bila kuniangalia sana, akatutandikia mkeka, akaleta kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Kahawa hizi kwetu si kitu cha kuchezea. Mgeni hupewa kabla ya maneno, na wazee wa zamani walifungia undugu kwa punje zake. Mama akachukua punje mbili, akazishika mkononi.

Shangazi akauliza nani atageuza kahawa jamvini. Nikamjibu. Akauliza tutalala wapi. Nikamjibu. Kisha akauliza, "Na mtakula nini huko?"

"Samaki, shangazi," nikadakia. "Samaki, wali, matunda." Nilikuwa nimejiandaa, na ningeweza kuendelea mpaka jioni.

Mama akazirudisha zile punje kikapuni.

"Kuku," alisema. "Wifi, nakwenda kula kuku. Nilitaka nikale huko usijue. Lakini siwezi kutafuna kahawa yako na huku nakuficha."

Nilishusha macho kwenye mkeka. Kichwani nilikuwa tayari na maneno makali, kwamba zama zimebadilika, kwamba mama yangu amepika kuku wa ukoo huu tangu ujana wake na ukoo hauna cha kumwambia. Nikafungua mdomo. Shangazi akaninyooshea kiganja, nikaufunga.

Shangazi akasogea karibu na mama. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyokuwa namkumbuka, na mikono yake, nilipoitazama vizuri, ilikuwa na makovu ya moto kama ya mama, makovu ya mtu wa jikoni.

"Siku ile mama yetu anakukataza," alisema, "mimi nilikuwa nimekaa pale pembeni. Nilikuwa nimeshakatazwa kabla yako. Nikasema moyoni, afadhali, sasa tuko wawili."

Shangazi akakisogeza kikapu kando, akaendelea.

"Nilikuwa nakuja kwako sikukuu bila hodi. Wewe ulidhani nakupeleleza."

"Nilidhani hivyo, wifi."

"Nilikuwa naomba Mungu nikukute unakula. Ningekukuta, ningekaa chini, nile na wewe. Peke yangu sikuweza kuanza." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Kila nikija, nakukuta na maharage yako."

"Mawe!" mama akashangaa kwa Kinyambo, akamshika mkono.

Wakakaa hivyo, wazee wawili kwenye mkeka mmoja, kila mmoja amemwogopa mwenzake maisha yote. Nilimshukuru Mungu kwa ukaidi wa mama, aliyekataa kuondoka bila kuaga. Mpango wangu ulikuwa mzuri, lakini ungetupitisha mbali na mkeka ule.

Shangazi akanigeukia, na sauti yake ikarudi ile ile ya kuamrisha.

"Hilo basi lenu limejaa?"

Nikatoa simu, nikampigia wakala wa mabasi pale stendi ya Kayanga. Nafasi ilikuwepo, viti vya nyuma kidogo. Nikamwambia aandike mtu wa tatu. Nilipokata simu, shangazi alikuwa ameinamia sikio la mama, anamuuliza kwa wasiwasi kama kuku mmoja wa huko Dar huwatosha watu wangapi.

"Tutaagiza wawili, wifi," mama alimwambia. "Kila mtu na wake."