Msaragambo wa Kwenye Spika

Bendi yetu ilianzia kwenye gereji ya pikipiki mjini Same, nyuma ya stendi, mahali ambapo upepo huingiza vumbi hadi kwenye chai. Tulikuwa watatu. Fundi mwenye gereji alipiga ngoma, binamu yangu alipiga besi, mimi nikapiga gitaa na kupiga kelele. Nasema kelele kwa sababu kila mtu alisema hivyo, kuanzia mama muuza chapati wa jirani hadi mwalimu wa kwaya ya usharika, aliyenitoa kwenye sauti ya kwanza akisema naimba kama mtu anayegombana na Mungu. Hakukosea sana. Tangu utotoni sijui kutulia. Nikiwa kijijini nautaka mji, nikiwa mjini nautaka mji mwingine, na mahubiri yakirefuka miguu yangu huanza kucheza yenyewe.

Muziki wa panki tuliujua kwa simu. Binamu alileta video ya vijana wa nchi za mbali wakirukaruka, wimbo dakika mbili, hakuna mbwembwe, nikahisi kumbe duniani kuna wengine wenye ugonjwa wangu. Nilipomwambia mama kwamba sasa napiga panki, aliuliza ni kinyozi gani anayemnyoa binti yake, maana kwake panki ni ule mtindo wa kuacha nywele katikati ya kichwa.

Tulifanya mazoezi mchana, fundi akishamaliza pikipiki za asubuhi. Mwaka mzima tuliimba hasira bila kusema ni hasira ya nini. Siku moja binamu, ambaye hana dogo, akaweka besi chini.

"Nyimbo zetu zote ni moja," alisema. "Tunataka kiitikio ambacho mtu akikisikia hakai chini."

Mimi kiitikio hicho nilikijua tangu nazaliwa. Kilikuwa cha baba.

Kwetu ni Mamba, juu milimani, kwenye mashamba ya tangawizi. Maji ya kumwagilia hutoka ndivani, bwawa la udongo na mawe walilolichimba babu zetu ili likusanye maji ya kijito, yaachiwe mashambani kwa zamu. Ndiva hujaa tope na mifereji huziba, na kazi ya kuisafisha ni ya kijiji kizima. Kazi hiyo ndiyo msaragambo, na aliyeuita alikuwa baba. Alfajiri alipanda kwenye jiwe lililo juu ya nyumba yetu, akaweka viganja mdomoni, akaita mara tatu, "Msaragambo eeee!", akivuta mwisho mpaka ng'ambo ya bonde irudishe. Akimaliza, milango inafunguka. Hakuna anayeuliza swali. Unachukua jembe unakwenda, hata kama jana ulitukanana na huyo utakayesimama naye kwenye tope. Na Wapare tunavyopenda kesi, mara nyingi mlikuwa mmetukanana.

Baba hakuwa mwenyekiti wala mzee wa kanisa. Hakuwa na kitu kingine ambacho watu walimjulia. Alikuwa na sauti ile, na watu waliiamini.

Nilipokwenda nyumbani kuvuna tangawizi, nilijibanza chini ya jiwe na simu, nikamrekodi. Sikumwambia. Ningeweza kusema nilisahau, lakini sikusahau. Niliogopa atakataa.

Wimbo ulianza na baba peke yake, mara tatu. Kisha ngoma za fundi ziliingia kama mawe yanayoporomoka, kisha mimi. Waendesha bodaboda wa stendi ndio walioudaka kwanza. Ukashuka Kisiwani, ukafika Maore, na huko tukaalikwa kupiga uwanjani. Wazee waliziba masikio, vijana wakavunja uzio. Nilirudi Same sauti imekauka na moyo haujashiba. Nikawa naamka naangalia simu kabla ya kupiga mswaki.

Lakini kilichotupa jina hasa ni kosa. Bodaboda mmoja alipanda Mamba alfajiri kufuata magunia ya tangawizi, spika kaifunga kwenye usukani, wimbo wetu umefunguliwa mpaka mwisho. Bonde likarudisha. Watu wakasikia wito mara tatu, kwa sauti wanayoijua, wakatoka na majembe. Ndiva ilikuwa imesafishwa wiki moja tu nyuma. Mmoja wao alipiga video: kijiji kizima kimesimama ukingoni, majembe mabegani, watu wanatazamana, na kule barabarani wimbo unaendelea, sasa na gitaa. Bibi jirani yetu anasikika akisema, "Leo mwitaji kaja na mashine gani hii?"

Nchi nzima ilicheka. Tukaitwa Moshi, tukaitwa Arusha, tukaitwa Dar es Salaam, kwenye jukwaa lenye taa ambako vijana waliinua majembe waliyoyakata kwenye maboksi. Kwenye ile video baba yumo, pembeni, na jembe lake. Hakuwa ameita siku ile. Alikuwa ameamka kuitikia sauti yake mwenyewe, anageuza kichwa huku na huku akitafuta ni nani aliyeita. Nami nilicheka. Niliitazama mara nyingi na kila mara nilicheka, na leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Masika yalipokuja, mama alinipigia simu.

"Baba yako kaita asubuhi," alisema. "Mara tatu, kama kawaida. Hakutoka mtu. Wamelala, wanasema ni ule wimbo wenu."

Mvua ilikuwa imeshusha tope na kuziba mlango wa ndiva. Baba alishinda akichimba yeye na yule bibi jirani, na alasiri ukuta ukaachia. Maji yalipita juu ya mashamba ya chini, yakaondoka na udongo pamoja na tangawizi changa. Waliopoteza walikuja kumlaumu baba kwamba hakuwaita.

Nilipanda siku iliyofuata. Jumamosi tulikuwa na onyesho, fundi akanisihi nisichelewe. Nilimkuta baba uani, magoti yana tope lililokauka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekula?"

Tulikula makande. Nilishindwa kukaa kwenye kigoda, nikasimama, nikakaa tena. Aliposukuma sahani ndipo akauliza.

"Ulinirekodi siku gani?"

Nikamwambia.

"Siku ile nilikuwa na mafua," alisema. "Ungeniambia, ningesubiri nipone."

Ningependa angenifokea. Kufokewa nakuweza.

"Nisamehe, baba."

"Mimi nikiita wanadhani ni wewe," alisema. "Basi kesho ita wewe. Huenda wakatoka."

Alfajiri nilipanda jiweni, yeye akasimama chini na jembe lake. Nikaweka viganja mdomoni, nikaita mara tatu, nikivuta mwisho jinsi anavyovuta yeye.

Milango ikafunguka. Walitoka wengi, na wengine wakaja mbio kutoka ng'ambo, na kwa dakika moja nilijisikia mwepesi kabisa, nikadhani nimerekebisha kila kitu. Kisha kulipopambazuka vizuri nikaona mikono yao. Hakuna aliyekuwa na jembe. Walikuwa wameinua simu.

"Rudia, dada," kijana mmoja alisema. "Ile ya mwanzo sijaipata."

Nikawaambia ukuta umebomoka, nikawaambia washuke ndivani. Kwa kuwa hasira yangu wanaijua kwenye nyimbo, walipiga makofi. Kisha mteremko mzima ukaitikia kiitikio changu, mara tatu, mwisho wakiuvuta, na bonde likarudisha.

"Wanaitikia vizuri," baba alisema. Akatia jembe begani akashuka.

Nilimfuata na beleshi. Bibi jirani alikuwa ameshafika, anapanga mawe. Simu ilitetemeka mfukoni, alikuwa fundi, akiuliza kama Jumamosi tufungue na ule wimbo au tumalizie nao. Niliizima. Tulichimba mpaka jua likawa utosini, watatu, na wimbo bado ulisikika kwa watoto wanaotoka shule.

"Baba," nilisema, "nitaufuta ule wimbo."

Hakuacha kuchimba.

"Utaufutaje?" aliuliza. "Wameshaukariri."