Donge la Unga Chini ya Gari

Wateja wa Mama Mikate hawakuhitaji kuuliza bintiye anashindana lini. Mkate wa siku hiyo ulikuwa mgumu, maana mama wa watu aliukanda kwa hofu mpaka ukamkoma. Mungu alimpa mtoto mmoja tu, na huyo mmoja, kati ya kazi zote za dunia, akachagua kupandisha mlima kwa gari lenye kasi ya kichaa. Mama hakuwahi kwenda kumtazama. Alibaki kwenye tanuri lake, roho mkononi.

Mara ya mwisho gari lilirudi likivuja oili. Difu, lile bonge la chuma linalogawia magurudumu ya nyuma nguvu, ilikuwa na kifuniko chembamba cha kiwandani, nacho kilikuwa kimepinda. Ndiyo maana Mama alipoingia gereji ya mdogo wake, iliyopakana na duka lake la mikate, alikuta kifuniko kipya kimeshafungwa, kingine kiko mezani, na ubishi umepamba moto.

Kilichofungwa kilikuwa cha alumini, king'aavu, chenye mbavu za kupoza joto na tumbo la kubeba oili nyingi. Cha mezani kilikuwa cheusi, bapa, sura hakina.

"Mjomba, hiki hiki," alisema binti. "Hicho cheusi kinafanana na kikaango."

"Mimi pia nimekipenda," fundi alikiri. "Na nafasi ipo. Kati yake na tangi la petroli ngumi yangu inapita."

Mama aliinama kuchungulia. Gari lilikuwa limeinuliwa juu ya stendi za chuma.

"Mbona magurudumu yananing'inia kama miguu ya mtoto aliyebebwa mgongoni?"

"Si tumeliinua, Dada."

"Na likikanyaga chini, hayapandi?"

Fundi aliinama naye kuchungulia. Yalipanda, tena na difu yake. Yakiingia shimoni kwa kasi yangepanda zaidi. Mpaka wapi? Ngumi yake haikuwa imepima hilo.

Mama hakubishana. Alikwenda kwake, akarudi na donge la unga uliokandwa, akalibandika juu ya tumbo la kile king'aavu. Gari likashushwa. Mama na mdogo wake wakapanda nyuma, kwenye buti, na wateja wawili waliofuata mikate wakaitwa nao wapande.

"Rukeni!" aliamuru Mama. "Leo unene wangu umepata kazi."

Waliruka huku wakicheka. Gari lilipoinuliwa tena kicheko kiliisha. Donge lilikuwa limebanwa likawa jembamba kama karatasi, katikati limetoboka, na penye tundu alumini ilikuwa imeacha mkwaruzo kwenye tangi la petroli.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," alisema fundi polepole, akiwa anajisema mwenyewe.

Binti alikaa chini sakafuni. Hasira zikampanda Mama. "Ungeniletea nini mimi nyumbani? Majivu?"

"Nisamehe, Mama."

Walifunga kile cheusi, wakabandika donge jipya, wakaruka tena. Safari hii lilitoka nene kama kidole gumba. Hakuna aliyekiita kikaango tena.

Siku ya mashindano Mama alifunga duka mapema, akaenda, mara ya kwanza maishani mwake. Kabla ya yote aliomba gari liinuliwe, akabandika donge lake, na hakuna aliyethubutu kumkataza. Binti alipanda mlima mara nne. Kila gari lilipopotea kwenye kona Mama alifumba macho.

Liliposimama mwisho, hakuuliza nani ameshinda. Alijilaza chini ya gari na gauni lake la kutokea, akapapasa nyuma ya difu.

"Mama, vipi?" binti aliuliza kwa wasiwasi.

"Limeiva!" Sauti ya Mama ilitoka chini ikiwa nusu kicheko, nusu kilio. "Joto la difu limelioka kabisa. Lakini halijaguswa, mwanangu. Halijaguswa hata kidogo."

Alitoka na vumbi mpaka kwenye nyusi, akamkumbatia mwanawe, akashusha pumzi aliyoibana miaka.

Asubuhi ya mashindano yaliyofuata, mteja mmoja alimega mkate, akautafuna, ukawa laini, akamtazama Mama kwa huruma.

"Kumbe binti ameacha mbio?"