Karatasi za Intaneti na Ndama wa Darasa la Kwanza

Karatasi za intaneti zilifika Garsen kabla maji ya mafuriko hayajakata barabara ya Malindi. Mjomba, aliyekuwa karani Mombasa katika ofisi yenye kompyuta, alimpa kondakta wa basi azilete, zimefungwa kwa gazeti. Mama alikuwa amemwomba amtafutie chochote kinachomfaa mwalimu wa darasa la kwanza anayejiandaa kwa mwaka mpya. Chini ya kila karatasi palikuwa na mstari wa herufi ndogo zilizoshikana. Mama alisema hiyo ndiyo anwani ya mahali zilikotoka. Nilimuuliza ni mji gani, akasema si mji. Akageuza karatasi nyingine, nami nikaona hajui.

Alizisoma akiwa na penseli mkononi. Nyingi hazikumfaa. Moja ilieleza namna ya kupamba ukuta kwa majani yanayogeuka rangi kabla ya baridi, na ukuta wa darasa lake ulikuwa bado na alama ya maji inayofika kifuani pangu. Nyingine ilitaka kila mtoto awe na kabati lake. Hizo tulizikata nusu ili watoto waandike upande wa nyuma, maana madaftari ya shule yalikwenda na mto. Mbili tu alizipigia mstari. Ya kwanza ilimtaka mwalimu asimame mlangoni kila asubuhi, amsalimie kila mtoto na kumuuliza habari za kwao. Ya pili ilisema wiki ya kwanza kila mtoto alete kitu kimoja anachokipenda kutoka nyumbani, awaeleze wenzake.

Mimi nilikuwa kidato cha pili, na shule yangu ya bweni ilikuwa ng'ambo ya maji. Basi nilikaa nyumbani nikimsaidia Mama.

Siku ya kufungua walikuja watoto wa Wapokomo tu, wale ambao familia zao zilikuwa zimekimbia mto. Waorma walikuwa wamepiga kambi upande wa juu na ng'ombe wachache waliowabakia, na hakuna mtoto wao aliyetokea. Mwalimu mkuu alimwambia Mama waziwazi kwamba watoto wa Waorma wasipokuja kufikia Ijumaa, darasa la kwanza litaunganishwa na la pili, na Mama ataandikiwa uhamisho wa kwenda Bangale, mbali kaskazini. Mama alinieleza hayo akichambua mchele, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Bibi alikuwa chumbani. Macho yake yalikuwa yameshafifia, na safari ya Bangale kwa barabara ile asingeiweza. Bila Mama hakukuwa na wa kumwangalia.

Kiorma cha Mama kilikuwa cha dukani. Changu kilitokana na maziwa. Tangu utotoni nilitumwa kwa mama mmoja wa Kiorma, na yeye hapimi maziwa kabla salamu haijaisha: watu wa nyumbani, wazee, mbuzi, ng'ombe, malisho. Kila swali hujibiwa amani. Hata kama kuna matanga, ni amani kwanza, mengine baadaye. Kwa hiyo Mama aliniweka mimi mlangoni. Mimi huona haya hata kumwomba jirani chumvi.

Siku ya pili alikuja msichana mmoja wa Kiorma. Hakuja kusoma, alikuja kutazama. Alisimama mbali kidogo na mlango, akiwa na fungu la majani mabichi kwapani. Nilimsalimia nikiangalia miguu yake. Watu wa nyumbani? Amani. Baba? Amani. Mbuzi? Amani. Nilipofika kwa ng'ombe alihamishia majani kwapa la pili.

"Hawapo," akasema.

Sikuwa nimewahi kusikia jibu hilo. Karatasi haikusema mwalimu aulize nini baada ya hapo. Nikauliza juu ya ndama, kwa kuwa ndilo swali lililonijia kwanza.

"Yupo mmoja. Mama yake amekufa. Nikimwacha hakuna wa kumlisha."

Akanieleza kwamba wenzake kambini nao ni hivyo hivyo, kila mtoto ana ndama wake yatima. Nilimpelekea Mama maneno hayo kwa Kiswahili. Aliichukua ile karatasi ya pili.

"Mwambie amlete."

"Nani, ndama?"

"Karatasi imesema kitu anachokipenda. Haikusema kisiwe na miguu."

Kesho yake ndama walifungwa kwenye ua wa shule, na wenye ndama wakaingia darasani. Wakati wa mapumziko waliwakatia majani, na watoto wa Wapokomo wakawaonyesha kwenye majani mazuri. Mwalimu mkuu alitoka ofisini, akasimama.

"Madam, hii ni shule au josho la ng'ombe?"

Mama hakubishana naye. Alimpa ile karatasi ya pili. Akaisoma yote, hadi zile herufi ndogo za chini, akauliza imetoka wapi. Mama akasema intaneti. Mwalimu mkuu aliikunja vizuri, akairudisha.

"Wasifungwe karibu na ofisi yangu," akasema.

Ijumaa alikuja kuwahesabu watoto, akauliza kama ndama nao waingizwe kwenye rejista. Habari ya Bangale haikutajwa tena. Mama aliipokea hiyo kama alivyoipokea ile ya kwanza. Nilichoona tu ni kwamba jioni ile alimsuka Bibi nywele, jambo ambalo hakuwa amelifanya wiki nzima.

Ndama wa yule msichana alikufa siku chache baadaye. Nilimwona baba wa msichana akiuburuta mzoga. Nilidhani msichana hatarudi shuleni, maana hakuwa tena na cha kuleta. Jumatatu alikuja mikono mitupu, akasimama mlangoni akingoja aulizwe. Nilitaka kuruka baadhi ya maswali, lakini salamu hairukwi. Watu wa nyumbani? Amani. Baba? Amani. Mbuzi? Amani. Ng'ombe?

"Amani," akasema, akaingia kuketi.