Tumefiwa, Njooni Kesho

Mtaa mzima ulimwita Mfiwa, naye akaitika. Kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani: kochi likitoka mkononi mwake, mwenye nalo alilikalia kwa heshima wiki nzima kabla ya kuthubutu kujilaza. Hata hivyo hakuna aliyemwita Fundi. Jina la Mfiwa alijitafutia mwenyewe, kwa kipande cha boksi alichokuwa akikitundika mlangoni mwa karakana kila baada ya miezi kadhaa, kimeandikwa kwa chaki ya kukatia vitambaa: TUMEFIWA. NJOONI KESHO.

Waliokuwa wakifa ni wanamuziki. Tena si wanamuziki wa jirani ambao mtu angeweza kwenda kuwazika. Walikuwa wapiga roki wa zamani wa ng'ambo, watu wenye nywele mpaka kiunoni na suruali za kubana, ambao hawakuwahi kusikia habari za Mfiwa wala za makochi yake.

Ugonjwa huu ulimwanza akiwa kijana, bado anajifunza kazi. Anayebandua vitambaa vya makochi ya watu hukutana na mengi humo ndani: vifungo, vijiko, masega, hata jino la bandia. Siku hiyo alichomoa kaseti. Mwenye kochi alipoulizwa alisema si yake, akatazama pembeni kama mtu anayesingiziwa. Bosi akaamuru itupwe. Kijana akaipachika kwenye redio ya karakana, na kilichotoka humo kilimfanya ajigonge kidole gumba kwa nyundo. Gitaa lilianza taratibu, kama mtu anayeeleza shida zake kwa adabu. Kisha ngoma zikaingia, na adabu ikaishia hapo. Wimbo ulipokwisha kidole kilikuwa kimevimba, na mwenyewe hana habari.

Tangu hapo akawa haambiliki. Alisaka kaseti, akasaka santuri, akanunua spika yenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Alijua nani alipiga besi katika bendi ipi, nani aligombana na nani wakiwa jukwaani, nani alianzia kwenye gitaa la kuazima lenye nyaya pungufu. Kwa kuwa majina yao yaliwashinda wateja kuyatamka, aliwabatiza upya: Mzee wa Besi, Bibi Koromeo, Ndugu Wawili Wasioelewana. Mteja aliyekuja kuulizia kochi lake aliondoka na habari za Ndugu Wawili, kochi akaambiwa bado.

"Watu wanasema roki ni kelele," alikuwa akimwambia mteja huku mdomo umejaa misumari. "Besi ni springi, mzee wangu. Huioni. Lakini iondoe uone kama hukalii mbao. Na wale jamaa hawakulipua kazi. Wimbo huu una umri wa mamako. Ubonyeze. Haujabonyea."

Mteja hakujua wimbo unabonyezwa wapi, akakubali tu.

Alipokufa mpiga ngoma wake wa kwanza, mzee wa watu aliyekwisha kula chumvi nyingi na kufia kitandani kwake, Mfiwa alitundika boksi kwa mara ya kwanza. Majirani walishtuka. Muuza nyama alifunga bucha. Mama mmoja alianza kulia tokea kona ya barabara, akaingia akiwa ameshalowanisha kanga nzima. Walipoelezwa marehemu ni nani, wengine walinuna waziwazi. Ila makochi ya wateja yalikuwa pale, mapya, sponji haijalala, na chai ilikuwa imeshachemshwa. Hakuna aliyeondoka.

Baada ya misiba kadhaa ikawa ndio utaratibu. Santuri ya marehemu ilipigwa upande wa kwanza, watu wametulia. Kisha Mfiwa alisimama na kueleza maisha yake: alizaliwa wapi, alianza lini kazi, ipi iliyotia fora, na ameacha nini duniani. Halafu upande wa pili. Majirani walizoea mpaka wakawa na maswali yao. "Huyu naye alikosana na bendi?" muuza nyama aliuliza kila mara, na akiambiwa ndiyo, alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

Aliyekuwa hana hamu na hayo yote ni mkewe. Alishona mapazia kwenye kona ya karakana ile ile, na watu walimwita Mama Mapazia. Misiba ya mumewe ilimpita kichwani huku akikanyaga cherehani, ila jambo moja alilisema, na alilisema kila boksi lilipopanda mlangoni.

"Siku tukifiwa kweli utatundika hilo hilo boksi lako, na watu watapita zao wakisema, ah, mpiga filimbi mwingine huyo. Tutazika wawili, mimi na wewe. Na kama maiti ni mmoja wetu, atazika mmoja."

Neno hilo lilimwingia Mfiwa. Alimcheka mkewe mbele za watu, na akibaki peke yake na nyundo alijiuliza: kweli, nani atakuja? Tena mambo yalizidi kuharibika, maana wapiga roki wake walikuwa watu wa rika moja, wamezeeka pamoja, na sasa wakaanza kuondoka kwa kufuatana. Mwaka ule boksi lilikuwa halikauki mlangoni.

Nyumbani kwao, chumba cha uani, aliishi baba yake mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja. Mzee huyo alikuwa fundi rangi mpaka ngazi zilipomshinda, akahamia kwa mtoto wa kaka yake na sanduku moja. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyabania. Ila hakukosa msiba hata mmoja. Alivaa shati safi, akafunga vifungo mpaka shingoni, akaketi kwenye kiti kilichobanana na ile spika, mikono mapajani, mpaka santuri ikwishe pande zote mbili. Wengine waliomba sauti ipunguzwe. Mzee hakuomba kitu.

"Nyumba hii nzima anayeielewa roki ni mmoja tu," Mfiwa aliwatambia wateja. "Mnamwona baba mdogo? Mnamwona anavyokaa? Hiyo ni damu."

Asubuhi moja mzee hakutoka kunywa chai. Mama Mapazia alikwenda kumgongea, akarudi ameshika kilemba chake mkononi, na Mfiwa akajua kabla hajaambiwa. Baba mdogo alikuwa ameondoka usingizini, shuka limenyooka, kama mtu asiyetaka kumsumbua atakayetandika.

Ndugu wa mbali walipigiwa simu, na mazishi yakapangwa kesho yake. Mfiwa akaingia karakana, akalichukua boksi. Maneno yalikuwa yale yale. Akatafuta chaki, akaongeza neno moja: TUMEFIWA KWELI. NJOONI KESHO. Akaona kesho ni mazishi na watu anawataka leo, akafuta NJOONI KESHO kwa kiwiko.

Mkewe alilisoma, akamtazama.

"Na ile misiba mingine ilikuwa ya nini?"

Mfiwa alisukuma makochi ukutani, akaketi mkabala na mlango, akangoja. Barabarani watu walipita. Mmoja alisoma, akaenda zake. Wawili walisoma, wakanong'onezana, wakaenda zao. Mama Mapazia hakusema nilikuambia. Angesema ingekuwa afadhali.

Ndipo akaingia muuza nyama, aproni ameivua, shati amechomekea.

"Pole sana, Mfiwa. Tumeshafunga bucha." Akashusha sauti. "Alikuwa anapiga chombo gani?"

"Baba mdogo," akasema Mfiwa.

"Baba mdogo alikuwa anapiga?"

"Baba mdogo ndiye aliyefariki."

Muuza nyama akajishika mdomo, akatafuta pa kuficha uso, hakupaona, akaketi. Nyuma yake akaja mshona viatu, akaja nesi mstaafu ambaye kochi lake lilikuwa humo tangu mvua zilizopita, wakaja na wale waliosoma wakapita, kumbe walikwenda kubadili nguo. Makochi yakajaa. Waliokosa nafasi wakakalia marobota ya sponji. Mfiwa alihesabu nyuso. Watu walikuwa wamekuja. Alimtupia mkewe jicho, naye mkewe akainamisha kichwa kukubali kwamba hapo alikosea.

Alidhani zito limeshapita.

Chai ilipokwisha kunywewa, macho yote yakamgeukia yeye. Ndivyo alivyowazoesha. Hapakuwa na santuri ya kupiga, maana marehemu hakurekodi kitu, kwa hiyo walikuwa wamefika moja kwa moja kwenye maelezo. Muuza nyama, aliyekuwa na hamu ya kusahihisha kosa lake, akaanza kwa sauti ya upole.

"Haya, ndugu yetu. Alizaliwa wapi?"

Mfiwa akasimama, akafungua kinywa. Mji aliozaliwa Mzee wa Besi aliujua, na mtaa, na kazi ya babu yake. Kumhusu baba mdogo alijua tu kwamba hatii sukari kwenye chai.

"Alizaliwa… upande ule," akasema, akaonyesha dirishani. Upande ule kulikuwa na bucha.

"Kazi ya rangi aliianza lini?"

"Zamani."

"Na ipi iliyotia fora?"

"Alipaka kuta," akasema Mfiwa. Aliwaeleza watu hawa maisha ya wageni wangapi, tena bila kukwama? Huyu aliyekula naye meza moja miaka yote hiyo, hakuwahi kumuuliza hata jina la kijiji. Aliona haya. Na hakuwa na wa kumsingizia.

Muuza nyama akamwonea huruma. "Bucha langu alilipaka yeye," akasema. "Nilitaka nyekundu. Akaniambia, nyekundu inaficha damu, watu watajiuliza unaficha nini. Paka nyeupe, uwe unaosha. Mpaka leo ni hiyo hiyo nyeupe."

"Ngazi ya kwetu kaipaka yeye," akadakia mshona viatu. "Alipaka kidaraja kimoja, anaruka kimoja, ili tupate pa kukanyaga. Kesho yake akarudi kwa vile alivyoruka. Mimi rangi yake sijawahi kuiona ikibanduka."

"Wodi ya wazazi," akasema nesi mstaafu. "Aliipaka na wagonjwa humo humo. Alihamisha kitanda kimoja kimoja, hapigi hata mluzi asije akawaamsha watoto. Pale ndipo alipoanguka kwenye ngazi, maskini, sikio la kushoto likafa."

"Sikio gani?" akauliza Mfiwa.

"La kushoto. Halikusikia tena. Hukujua?"

Mfiwa aligeuka taratibu, akakitazama kiti kilichobanana na spika. Alikipima kwa macho kama apimavyo kitambaa. Anayeketi pale, spika inamwelekea sikio la kushoto, na la kulia linaegemea ukutani.

"Alikichagua mwenyewe kile kiti," akasema Mama Mapazia kutoka kwenye kona yake. "Alinambia hapo ndipo angalau panavumilika."

"Kumbe alikuwa haipendi roki?"

"Hata kidogo. Alisema ni kama wanashusha mabati."

"Sasa misiba yote hiyo, alikuwa anakuja kufanya nini?"

Mkewe alimtazama kama mtu anayeulizwa maji yanalowanisha nini.

"Si uliandika mlangoni umefiwa?"

Mfiwa akaketi. Akalia. Misiba yote ile ya wapiga gitaa hakuwahi kutoa chozi, alikuwa akitoa maelezo tu. Siku hiyo alilia kwa sauti, kamasi zikamchuruzika, na nesi mstaafu akampa kipande cha kitambaa cha kochi lake mwenyewe apangusie. Waliobaki waliendelea kuelezana habari za kuta mpaka jua likazama. Kesho yake walimzika baba mdogo, na watu walikuwa wengi kiasi kwamba ndugu wa mbali waliuliza marehemu alikuwa na cheo gani.

Wiki chache baadaye redio ikatangaza kwamba amefariki mpiga gitaa aliyekuwa mkubwa kuliko wote waliobaki. Muuza nyama akachungulia mlangoni, shati ameshachomekea.

"Leo tunakaa?"

"Kesho jioni," akasema Mfiwa. "Njoo na maswali yako tayari, huyu ana mengi."

Muuza nyama akaenda zake kwa furaha iliyozidi kidogo kuliko ilivyostahili. Mfiwa akaweka santuri ya marehemu, akafunga kopo la gundi, akapangusa mikono. Lile gitaa lilikuwa vile vile, halijabonyea. Alilisikiliza kidogo, kisha akavuta stuli mpaka kwenye kona ya mapazia, akaketi karibu na cherehani, mikono mapajani.

"Wewe," akasema, "ulianza lini kushona mapazia?"

Mguu wa mkewe ukasimama juu ya pedali.

"Mbona unaniuliza mambo ya marehemu? Mimi sijafa."

"Ndiyo maana nauliza."

Mama Mapazia alimkagua usoni kutafuta mzaha, akaukosa. Akachomoa kitambaa chini ya sindano, akakikunja.

"Basi zima hicho kwanza," akasema.

Mfiwa akanyanyuka, akamkata mpiga gitaa mkubwa kuliko wote katikati ya wimbo wake, siku ya kufa kwake, akarudi kukaa.