Kwetu Hatukusema Wageni

Tangu mwaka ule ami alipopotea baharini, neno wageni lilitoka nyumbani kwetu Malindi. Mtu akibisha hodi, mama alisema, "Kuna watu." Hata jamaa wa mbali waliokuja na masanduku yao walikuwa watu. Harusini wenzangu wakihangaikia pilau ya wageni, mimi nilisema pilau ya watu, nao wakanicheka wakidhani naringa. Sikuwaeleza.

Baba alifanya kazi katika hoteli moja ya ufukweni, miaka ya themanini, mji ulipojaa Waitaliano na Wajerumani. Kila alfajiri aliitazama bahari akaandika ubaoni upepo utakuwaje, mawimbi yatakuwaje, na kama ni salama kuogelea. Alisikiliza utabiri wa redioni, kisha akaulinganisha na alichokiona mwenyewe. Maji mekundu ya mto Sabaki yakisukumwa huku kwetu, alijua kaskazi bado ipo. Yakikimbilia juu, kaskazini, kusi imeanza.

Mawimbi aliyagawa mafungu mawili. Yale ya upepo wetu aliyaita wenyeji, mafupi, yenye fujo, yanagombana mpaka ufukweni. Mengine aliyaita wageni. Hayo yalizaliwa na dhoruba ya mbali sana huko kusini, yakafika siku ambayo kwetu hata jani halitikisiki. Baba alisema wageni huja kwa adabu. Makubwa matatu manne hufuatana, kisha bahari hulala kitambo ukadhani umeota. Hatari ilikuwa katika ule utulivu wa katikati. Waliowafurahia wageni hao ni Wazungu wachache waliokuja na mbao zao za kuteleza juu ya mawimbi. Baba aliwaona hamnazo, ila aliwapenda, maana ni wao tu waliousoma ubao wake hadi mwisho.

Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa nahodha wa boti ya hoteli nyingine, Kilifi. Alipeleka watalii kutazama samaki kwenye mwamba. Boti ililala ndani ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na humo maji hayakwambii lolote la nje. Kwa hivyo baba alimpigia simu kila asubuhi kutoka hotelini. "Shwari, wageni hakuna." Au, "Kusi kali, wenyeji wamechachamaa." Walichekeana kama watoto wenye lugha yao.

Asubuhi ile ilikuwa msimu wa tanga mbili, upepo mmoja umekwisha na mwengine haujaingia. Simu ilipokewa na karani mpya kutoka bara, kwa kuwa ami alikuwa gatini akitia mafuta. Baba akasema, "Mwambie shwari, lakini wageni wengi wanakuja." Karani akaitikia vizuri, akashuka gatini, akamwambia ami kwamba Malindi ni shwari na watalii wengi wako njiani.

Angemwambia kwa maneno yaleyale ya baba, ami angeifunga boti akaenda kunywa chai. Lakini karani alikuwa kijana mwenye heshima, akaona "watalii" ndiyo lugha ya kazini. Ami akaharakisha. Akaitoa boti peke yake, aizungushe nje hadi ufukwe wa hoteli, watu wasimngoje. Kwenye mlango, ule mwanya wa mwamba zinapopita boti, aliikuta bahari imelala. Akapita. Boti ilionekana baadaye upande wa Mnarani, ng'ambo ya hori, imepinduka. Ami hakupatikana. Tulimswalia bila maiti.

Karani alikuja matangani, akasema mbele za watu alichoambiwa na alichokisema. Mke wa ami aliyasikia akiwa ndani na wanawake. Akatoka, akasimama mbele ya wanaume wote, akamuuliza baba, "Shemeji, mbona hukusema mawimbi?"

 

Mke wa ami alikaa mtaa wa pili, lakini hakukanyaga kwetu tena. Kila sikukuu mama alimpelekea chakula, na sahani zetu zilirudi zimeoshwa, tupu. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Nilimkasirikia mwanamke yule kupita kiasi. Niliona anamla baba polepole, na kilichonitia hasira zaidi ni kwamba swali lake lilikuwa la haki.

Baba aliendelea kupiga simu Kilifi. Yeyote aliyeipokea aliambiwa, "Upepo hakuna. Mawimbi makubwa. Usitoke." Bahari ikiwa bapa kama sinia, bado alisema usitoke. Ubaoni akaandika hatari siku zote, hata wale Wazungu wa mbao wakaacha kumsoma. Hoteli ikamhamishia bustanini, kwa upole, nasi tukashukuru. Lakini nyumbani aliweza kuwa na tonge mkononi, akatega sikio upande wa pwani. "Wamefika," alisema. Mimi nilikuwa nikisikia majirani wakitwanga. Baadaye nami nikaanza kuyasikia mawimbi, na hilo sikumwambia mtu.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa mchanga ami alipopotea. Alikua bila neno lile, akaja kulipata shuleni. Asubuhi ya Idi pakabishwa hodi, akakimbilia mlangoni, akaita kwa furaha, "Baba, kuna mgeni!"

Baba aliweka kikombe chini. Akainuka, akatoka bila viatu, akampita aliyesimama mlangoni bila hata salamu. Alikuwa mke wa ami. Mikononi alishika sahani yetu moja, ile ya maua ya buluu, imejaa vitumbua.

Alinikabidhi sahani akamfuata. Nami nikafuata nyuma, sahani mkononi, sijui niiweke wapi. Tulimkuta ufukweni, kanzu mpya ya Idi imelowa magotini, akiyatazama maji yaliyolala.

"Usitoke," alisema, bila kugeuka.

"Sitoki, shemeji."

Baba akahesabu kwa midomo. Kisha akauliza, "Wangapi?"

Nilitamani mwanamke yule aseme lolote, amlaumu, amtukane, mradi lile swali la matangani liishe. Mke wa ami alifuta uso kwa ncha ya buibui.

"Mmoja tu," alisema. "Ni mimi."

Baba alimtazama kwa muda, kisha akaitazama tena bahari, kama asiyemwamini. Mke wa ami akamshika mkono wa kanzu, akaanza kumrudisha nyumbani, naye akakubali kwenda. Ila njia nzima ya mchangani alitembea kinyumenyume, macho baharini.