Pikipiki Iliyonifuata Madrasa

Aibu hii nimeinyamazia muda mrefu, na leo naisimulia kwa kuwa nimechoka kuisikia kwa watu ambao hata hawakuwapo kijijini kwetu Mtunda siku hiyo.

Mimi ni mwalimu wa madrasa, nafundisha watoto barazani kwangu. Shemeji yangu Hamisi, mdogo wake mume wangu, alirudi kutoka kukata mikoko huko delta, simu imezama pamoja na kitambulisho cha taifa, akaniomba nimsajilie laini kwa jina langu mpaka apate kitambulisho kingine. Nikaona jambo dogo, tukaenda Kibiti kwa wakala, nikaweka kidole, nikarudi kupika. Sikujua (na ningejuaje?) kwamba kwa laini hiyohiyo atafungua akaunti ya kubeti, na kwamba kila wikiendi, kwa maandishi, ni mimi Somoe ninayeweka mkeka wa kubashiri timu za Ulaya.

Basi alasiri moja niko katikati ya somo, nasikia gari la matangazo linaiulizia nyumba yangu kwa kipaza sauti, nyuma limebeba pikipiki mpya yenye utepe mwekundu. Watoto wote wakaniponyoka. Nikatoka nikijua wamepotea njia, na mtangazaji wa kampuni ya kubeti akasema mbele ya kijiji (imamu naye yumo, ndiyo kwanza anatoka msikitini), "Mshindi wetu wa droo ni Bi Somoe, mchezaji wetu wa siku nyingi."

Nikasema sijawahi kubeti, watu wakacheka. Wakasoma namba, nikaitambua, nikamwonyesha Hamisi kwenye umati. "Mwenyewe huyu hapa, mpeni yeye."

Hapo akashuka garini mama mmoja wa serikali, aliyekuja kuhakikisha zawadi haitolewi kinyemela.

"Kisheria anapewa aliyesajiliwa," akasema taratibu. "Ni wewe unayecheza?"

"Si mimi."

"Basi umemsajilia mtu mwingine laini, na hilo nalo ni kosa."

Nikipokea, ni mcheza kamari. Nikikataa, ni mvunja sheria. Hamisi akaninong'oneza, "Shemeji, pokea tu, tutaongea nyumbani." Lakini wanafunzi wangu walikuwa wameizunguka ile pikipiki, juzuu mikononi, wananitazama mimi. Nikasema yote: laini nimesajili mimi, anayecheza ni shemeji, pikipiki rudini nayo.

Nilidhani ukweli utanipunguzia aibu, haukupunguza kitu. Laini ikafungwa na akaunti ikafungwa, pikipiki ikarudi Dar na utepe wake, mimi nikaitwa kituoni kuandika maelezo, nikashinda kwenye benchi kutwa nzima, nikaonywa nikaachiwa. Hamisi hasemi nami. Wapo wanaosema nilikuwa nacheza nikamsingizia, wapo wanaosema nimemzibia shemeji riziki (na mara nyingine ni mtu huyohuyo anayesema yote mawili). Imamu anasema ananiamini, ila wazazi kadhaa wamehamishia watoto kwingine, na baraza langu siku hizi lina nafasi tele.

Sina nguvu ya kubishana tena. Nimejiapia tu kwamba jina langu halisajili tena laini ya mtu, hata ya mume wangu, na mume wangu nimemwambia hivyo. Akanijibu kwamba aliyekosa pikipiki ni mdogo wake, akavaa kofia, akatoka.